Baba Mkwe Katika Wodi Yangu

Mliponiaga mwezi uliopita, vijana wa wodi ya wanaume, mlinipa blanketi, saa ya ukutani na hotuba ndefu. Blanketi ninajifunika, saa imeshaanza kuchelewa, na hotuba nimeisahau yote isipokuwa pale mliponiomba niwaandikie "maneno ya kuwajenga." Maneno ya kuwajenga sina. Ninayo ya kazi. Nitawaandikia habari za miaka ya sitini na sabini, wakati wengi wenu hamjazaliwa au mlikuwa bado mgongoni mwa mama zenu. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua.

Nilitoka upande wa Nyamira, kwenye nyumba ya Wakatoliki wachuma chai, nikiwa na cheti cha shule na viatu vyeupe vya turubai ambavyo mama alivipaka chokaa mpaka vikawa vinaacha alama njiani. Siku ya kwanza nilidhani nitapewa sindano. Loo! Nilipewa mabeseni ya choo. Aliyenipa ni Dresa Silvano, mfunga vidonda na mkubwa wa wodi ya wanaume, na hakusema karibu wala habari ya safari. Alisema, "Osha, halafu mimina maji moto ndani, halafu futa. Mgonjwa asikalie bati baridi."

Nikamuuliza kwa nini tunapoteza maji moto kwa kitu cha choo.

"Kalia wewe kwanza," akasema.

Mnadhani alikuwa anatania? Nilikalia, nikiwa nimevaa gauni langu la kazi, saa moja ya asubuhi, baridi ya Kisii mnaijua. Niliruka kama niliyekalia siafu. Tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu sikumpa mgonjwa bati baridi, na mkiona nimewakaripia kwa jambo hilo mara nyingi, sasa mnajua lilikotoka.

Silvano alikuwa mtu wa kule ziwani, mrefu, mwenye sweta la kahawia juu ya koti jeupe, mvua au jua. Mfukoni alikuwa na jiwe dogo la kunolea. Enzi zile sindano hazikutupwa. Zilichemshwa kwenye stovu, na ncha ikiwa butu unainoa mwenyewe, kisha unaijaribu kwenye pamba. Ikivuta uzi wa pamba, bado. Silvano alinoa akiwa anasikiliza wagonjwa, akiwa anasubiri daktari, akiwa anasali hata. Ekegusii alijua maneno machache tu. Alijua "bwakire," akawaamkia watu kwa neno hilo la asubuhi hata jua likiwa linazama, na alijua kuuliza panapouma. Mengine yote yalikwenda kwa Kiswahili, chake kilichonyooka na chetu cha kupindapinda, na wazee waliolazwa walijikaza wakasema, "Daktari, mimi tumbo inasumbua," naye hakuwahi kumwambia mtu kwamba yeye si daktari. Aliniambia, "Mtu akiumwa, kila aliyevaa nyeupe ni daktari. Mwache apone kwanza."

Lakini jambo moja la Kigusii alilijua kuliko sisi wenyewe. Kila asubuhi, kabla hajatugawia wagonjwa, alimwonyesha kila mmoja wetu kitanda na kuuliza, "Wewe na huyu, ni nani kwa nani?"

Wageni wataniuliza maana yake. Kwetu kuna haya ya vizazi, tunaiita chinsoni. Mwana hamwoni baba yake uchi, wala hagusi kitanda chake. Na baba si yule aliyekuzaa tu. Ni ndugu zake wote na rika lake lote katika ukoo. Mke naye haonani mwili na baba mkwe, na wakwe zake ni wazee wote wa ukoo alioolewa. Babu na mjukuu, hao wanataniana na kuoshana wapendavyo. Baba na mwana, baba na mke wa mwana, hapana. Kuivunja haya hiyo ni kumvunjia mzee heshima yake mbele ya watu, na wengine waliamini kwamba ni kujitafutia laana. Sasa chukua desturi hiyo uiweke katika wodi ambamo kila mtu anatoka vijiji vya karibu, halafu uambiwe uwaoshe. Hospitali nyingine zilipuuza, na wazee wakakataa kuoshwa, wakarudi nyumbani na vidonda vyao. Silvano hakupuuza. "Hata kwetu ziwani mkwe ni mkwe," alisema. Akawa anatupanga kama mtu anayepanga viti vya harusi, huyu hapa, yule kule, na ikitokea mgonjwa asiye na mtu wa kumshika bila aibu, alimchukua yeye. Yeye hakuwa mwana wa mtu wala mkwe wa mtu.

Huyo ndiye aliyenifundisha Ukristo, kama mnataka kujua, ingawa sikuwahi kumsikia akihubiri. Kusali alisali, lakini sala zake zilikuwa fupi, alizisemea kooni akiwa amesimama kando ya kitanda. Halafu angeinama kukata kucha za mtu.

Mwaka wa pili nikaolewa. Yohana alikuwa seremala wa Kiogoro aliyeitwa kurekebisha madirisha ya wodi, na madirisha yale hayakuisha kurekebishwa mpaka nilipokubali. Alikuwa Msabato, mimi Mkatoliki. Sisi wawili hilo halikutusumbua. Lilimsumbua baba yake, Mzee Ombati, mjane na mzee wa kanisa, mtu mnyofu kama rula na mgumu kama rula. Shamba lake lilikuwa na chai nzuri ambayo yeye mwenyewe hakuinywa, kwa sababu kanisa lake linaikataza. Aliivuna, akaiuza kwa watu wengine wakaipate dhambi hiyo. Harusi alikuja, akakaa mbele, na hakunitazama usoni hata mara moja. Nilidhani ni ile haya ya mkwe.

Kumbe alikuwa anangoja. Jumamosi moja mchana alikuja wodini na wenzake wa kanisa kuwahubiria wagonjwa, akanikuta nimepiga magoti nikisafisha mguu wa mzee mmoja wa Tabaka, mchonga mawe aliyeangukiwa na jiwe machimboni. Mzee yule hakuwa wa ukoo wetu hata kwa mbali. Silvano alikuwa ameshauliza. Lakini baba mkwe aliona tu mke wa mwanawe ameshika paja la mwanamume, tena siku ya Sabato. Akasimama mlangoni na kitabu chake cha nyimbo.

Silvano akamwendea na bakuli la uji. "Bwakire, mzee. Umekuja vizuri. Yule wa pembeni mikono yake yote imefungwa bandeji. Mlishe, halafu uhubiri, atakusikiliza vizuri zaidi."

"Mimi nimeleta Neno," akasema Mzee Ombati.

"Basi mimi nitaleta uji," akasema Silvano, akaenda kumlisha mwenyewe. Wahubiri waliimba wimbo mmoja, wakaondoka.

Jioni tuliitwa Kiogoro. Mzee alizungumza na Yohana kana kwamba mimi sipo, ingawa nilikuwa nimekaa pale, mbali kidogo kama mke wa mwana anavyokaa, na kila neno lilinifikia. Alisema mwanamke anayeshika miili ya wanaume, ambaye kesho au kesho kutwa atamshika mzee wa ukoo huu, hawezi kuingia katika boma lake. "Kazi ile au boma langu. Achague."

Yohana akanitazama. Nikatikisa kichwa kwamba kazi siiachi. "Baba, tumesikia," akasema Yohana, na juma hilohilo tukapanga chumba mjini.

Iliniuma. Nasema wazi kwa sababu nyinyi mmezoea kuniona sina machozi. Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza, hakuja mtu kutoka Kiogoro. Niliwasikia watu wakisema mzee akiulizwa habari zangu hujibu kwamba hana mkaza mwana hospitalini. Nilirudi kazini, nikanoa sindano. Silvano hakunipa pole. Alinipa chumvi, akaniambia nitie kwenye maji ya kusafishia vidonda, na kwamba mimi nikiwa na hasira naweka chumvi nyingi mno, niangalie.

Basi ikawa miaka inakwenda. Mwishoni mwa miaka ya sitini, Wasabato wa Kiogoro walikuwa wanaezeka kanisa lao kwa mabati, na Mzee Ombati, ambaye hakuamini kwamba kijana anaweza kupiga msumari ulionyooka, alipanda mwenyewe. Akateleza. Walimleta wamemlaza juu ya mlango wa kanisa uliokuwa bado haujafungwa bawaba zake, paja limevunjika katikati, na kitanda kilichokuwa wazi hospitali nzima kilikuwa kimoja, katika wodi yetu.

Aliponiona aligeuza uso ukutani. Nami niligeuka, nikatoka, kwa sababu walikuwa wanamkata suruali.

Siku zile paja halikupigwa vyuma. Mguu ulivutwa. Unamfunga mtu plasta chini ya goti, unapitisha kamba juu ya gurudumu mwishoni mwa kitanda, unaning'iniza uzito, na mtu analala chali hivyo wiki baada ya wiki mpaka mfupa ushikane. Uzito wetu wa chuma ulikuwa umekwisha, kwa hiyo Silvano alikuwa ameagiza mawe kutoka Tabaka, yale mawe laini ya kuchongwa, yakapimwa kwenye mizani ya majani chai na kutobolewa tundu la kamba. Mchongaji alishindwa kujizuia, akachonga la mwisho likawa kiboko, yule mnyama wa majini. Mzee wetu wa kanisa alivutwa mguu na kiboko.

Kuvuta mguu si kazi. Kazi ni mgongo. Mtu akilala chali bila kugeuzwa, ngozi ya makalio na ya uti wa mgongo inakufa, inafunguka, na kidonda kile kinaweza kumuua kabla mfupa haujapona. Kwa hiyo asubuhi, mchana na jioni anainuliwa, anaoshwa, anafutwa kwa spiriti, anapakwa poda, shuka inanyooshwa isiwe na mkunjo hata mmoja. Silvano alimchukua Mzee Ombati kwa mikono yake miwili tangu siku ya kwanza. Hakuniuliza mimi na huyu ni nani kwa nani.

Mimi nilifanya kazi nyuma ya pazia. Mnajua yale mapazia ya magurudumu tuliyokuwa tukizungushia kitanda. Nilichemsha maji nikayapitisha chini. Nilipasha beseni la choo nikalipitisha chini. Shuka zake nilizifua mwenyewe, nikazianika juani upande usio na vumbi. Uji wa wimbi nilimpikia nyumbani, kwa sababu wa hospitali ulikuwa na madonge, na Ijumaa nilipika mapema, kabla jua halijazama, nikaifunga sufuria kwa majani ya migomba ndani ya kikapu ili Jumamosi asile kitu kilichopikwa siku ya Sabato. Mimi mwenyewe siishiki siku hiyo. Lakini yeye anaishika, na alikuwa amelala hapo hawezi kujichungia.

Nilimsikia Jumamosi ya kwanza, nikiwa upande wa pili wa pazia.

"Huu uji umepikwa leo?"

"Jana, kabla ya jua kuzama," akasema Silvano.

"Wewe Mkatoliki, jambo hilo umelijuaje?"

"Mzee, mgonjwa haulizwi uji. Fungua mdomo."

Kijiko kikasikika. Nadhani alijua. Mzee yule hakuwa mjinga.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka mfupa ushikane, kama dada yake Silvano asingefariki. Alilazimika kwenda ziwani kumzika, na msiba wa kwao haukuwa wa siku moja. Kabla hajaondoka alisimama katikati ya wodi akatutazama tuliobaki, na nikaona anahesabu kimoyomoyo, nani ni nani kwa nani, na hesabu inamkataa. Dresa Mose alikuwa mtoto wa ndugu yake Mzee Ombati, kwa hiyo ni mwana. Dresa mwingine alikuwa ameoa binti wa ukoo ule, kwa hiyo ni mkwe. Wauguzi wa wodi ya akina mama walikuwa wameolewa Kiogoro au wamezaliwa Kiogoro. Daktari wetu, Mzungu mmoja mwenye haraka, alikuwa peke yake kwa hospitali nzima na zahanati za vijijini.

"Mtaona," akasema Silvano, na hilo si neno lililotupa moyo.

Siku ya kwanza Mose alijaribu. Mzee akamwambia kwa sauti ya chini, "Ukiinua blanketi hili nitakulaani, na unajua mimi ni baba yako." Mose akatoka nje akakaa kwenye ngazi, kijana wa watu, na sikumlaumu. Siku iliyofuata walikuja wazee wawili wa rika lake kutoka kanisani, ambao yeye hakuwaonea haya. Mioyo yao ilikuwa mizuri. Mikono ilikuwa ya jembe. Walimwinua kama gunia, kamba ikaruka kwenye gurudumu, kiboko kikaanguka sakafuni, na mzee alilia kilio ambacho watu wa wodi ya pili walikisikia. Daktari akaja mbio, akafunga mguu upya, akasema asimguse tena mtu asiyeijua kazi.

Basi hakuguswa. Akaacha kula ili asiende choo. Uji wangu ulirudi kama ulivyokwenda. Alilala juu ya shuka ileile, na harufu ikaanza kutoka kwenye pazia, kisha homa ikaja. Daktari alimgeuza mwenyewe mara moja kabla ya safari ya vijijini, akatoka amekunja uso. "Mgongo umeanza kufunguka," akaniambia. "Usafishwe kila siku, asubuhi na jioni. La sivyo tutampoteza kwa kidonda, si kwa mguu." Mchungaji alikuja, akamwombea vizuri sana, akaenda zake.

Nilikaa chumba cha dawa nikafikiri. Akifa katika wodi yangu, Kiogoro yote itasema nimemuua kwa kisasi. Nikimshika, itasema nimemvua nguo baba wa mume wangu, na alikuwa amesema tangu zamani kwamba siku hiyo itafika. Hayo yote niliyafikiri, nayo yalikuwa kweli. Lakini nilipoyaondoa, chini yake lilibaki jambo moja: nilitaka aishi. Sikujua kama nampenda. Nilijua mgongo wake unaoza hatua chache kutoka nilipokaa, na maji yangu ya moto yanapoa. Lisilo budi hutendwa.

Nilivaa glavu za upasuaji, zile nzito tulizokuwa tukizifua na kuzitia viraka. Nikabeba beseni, pamba, spiriti, maji ya chumvi, shuka safi. Nilimwita Mose asimame kwenye kamba, upande wa miguu, nje ya pazia, amelipa kisogo, akishika uzito usicheze. Mimi nikasimama nje ya pazia upande wa kichwani.

"Baba," nikasema. Sikuwa nimemwita hivyo tangu harusi. "Ni mke wa Yohana. Nakuja kuosha mgongo. Mikononi nina glavu za hospitali. Na macho sina. Nimeyafunga."

Nikavua kitambaa changu cha kichwani, nikajifunga machoni, mara mbili, nikakaza fundo. Hata wagonjwa wa vitanda vya jirani walinyamaza, na wale hawanyamazi hata daktari akipita.

"Ukinikataza nitarudi," nikasema.

Hakunikataza. Nikalisukuma pazia kwa goti, nikaingia.

Kitanda nilikijua. Shuka niliijua. Nikamshika bega na kiuno, nikamvuta taratibu aegemee upande ule usiovunjika, kama nilivyofundishwa, nikisema "sasa" ili Mose alegeze kamba kidogo. Nikaloweka pamba. Lakini kidonda hakijulikani kwa mkono wa glavu, jamani. Kila ngozi ni ngozi. Nilipapasa nikasita, nikaogopa kukikwaruza, na mkono wangu ukawa unaning'inia hewani na pamba inadondosha maji.

Ndipo nikamsikia. Sauti ilikuwa ndogo, imeelekea ukutani.

"Kushoto."

Nikasogea kushoto.

"Chini kidogo. Hapo. Hapo ndipo."

Yalikuwa maneno ya kwanza ambayo mzee yule amewahi kuniambia mimi mwenyewe, tangu nilipoolewa. Machozi yalinitoka yakaishia kwenye kitambaa, na hilo lilikuwa jambo zuri, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Taratibu," akasema. "Sasa kulia. Kuna kingine kidogo."

Hivyo ndivyo tulivyofanya, asubuhi na jioni, mpaka Silvano aliporudi. Yeye alikuwa macho, mimi nilikuwa mikono. Kufikia siku za mwisho alikuwa ananikosoa. "Spiriti umesahau." "Shuka ina mkunjo, chini ya bega." Nikasema moyoni, haya, huyu amepona. Bakuli la uji likaanza kurudi tupu.

Silvano aliporudi amenyoa nywele za msiba, alienda kwanza kitandani pale, akaingia nyuma ya pazia, akakaa kidogo. Nikamsikia anauliza, "Nani amesafisha mgongo huu?"

"Sikumwona," akasema Mzee Ombati.

"Hukumwona?"

"Sikumwona mtu. Na hakuna aliyeniona."

Silvano alitoka nyuma ya pazia, akatoa jiwe lake mfukoni, akaniwekea kiganjani, akaendelea na wagonjwa wake. Ninalo mpaka leo, ingawa sindano za kunoa zimekwisha duniani.

Mzee alitoka hospitalini kwa magongo ambayo Yohana alimchongea. Kule nyumbani maneno hayakukosekana. Watu wa ukoo walikaa, wakataka mbuzi achinjwe kuondoa mkosi, maana habari ilikuwa imewafikia kwamba mke wa mwana aliingia nyuma ya pazia. Yohana alikuwapo. Anasema baba yake aliwaacha wamalize wote, kisha akauliza ni nani kati yao aliyeona kitu. Hakuna aliyeona. "Basi mbuzi wangu ataendelea kula majani," akasema, akaomba magongo yake.

Msidhani aligeuka malaika. Haya ilibaki haya. Hatukukaa meza moja, sikuingia nyumbani kwake, na nikimwamkia alijibu akitazama migomba. Lakini boma likafunguliwa, watoto wangu wakawa wanakwenda kumtania kama wajukuu wanavyotania, na kila siku ya soko mkungu wa ndizi ulifika mlangoni kwetu mjini bila salamu yoyote. Niliendelea na kazi. Silvano alistaafu, akarudi ziwani, na asubuhi ile ya kwanza bila yeye nilisimama katikati ya wodi nikawauliza vijana, "Wewe na huyu, ni nani kwa nani?" 

Ilikuwa miaka ya sabini inaelekea mwisho mzee alipougua mara ya mwisho. Hakutaka hospitali. Alisema ameshavutwa mguu na kiboko, inatosha. Alilala chumbani kwake Kiogoro na ndugu zake wakamhudumia kwa mikono yao ya jembe. Siku moja mchana Yohana alikuja wodini amevaa nguo zake za kazi, na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Baba anakuita."

"Nitakuja na kitambaa," nikasema.

"Hapana. Amenituma maneno, nami nakuambia kama alivyosema. Mwambie aje, na aje na macho yake."

Boma lilikuwa limejaa watu. Wazee walikuwa wamekaa kando ya ukuta, akina mama mlangoni, na nilipofika kizingiti cha nyumba ile, ambacho sikuwahi kukivuka, mama mmoja alinishika mkono. "Kerubo, unaingia wapi?" Kabla sijajibu, sauti ikatoka ndani, imechoka lakini ya rula vilevile: "Mwacheni. Nimemwita mimi."

Nikaingia. Chumba kilikuwa na giza, dirisha limefungwa. Alikuwa amelalia ubavu, amekonda, na alinitazama usoni, moja kwa moja, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma.

"Kumbe ndiwe huyu," akasema.

"Ndimi, baba."

"Mgongo umeanza tena, mwanangu." Akashika ukingo wa blanketi, akalisukuma chini mwenyewe. "Angalia. Leo sikuelekezi."

Nikafungua dirisha, mwanga ukaingia, nikaangalia.